Magereza ya Angani na Machimbo ya Usukuma

Mwaka 1995 Katama Mkangi, mwandishi wa pwani ya Kenya, alitoa riwaya yake Walenisi. Ndani yake yumo mtu aitwaye Dzombo, aliyehukumiwa na nchi yake mwenyewe, na hukumu hiyo haikuwa kamba wala risasi, bali ni kutiwa ndani ya chombo na kurushwa angani, asirudi tena. Mkangi hakuwa akifanya mzaha. Mwaka 1986, akiwa mhadhiri katika Chuo Kikuu cha Nairobi, yeye mwenyewe alitiwa kizuizini bila ya kuhukumiwa na mahakama yoyote, na aliyewahi kufungwa kwa namna hiyo ana haki ya kuuliza: je, dola ikipata uwezo wa kufika nyotani, haitafikiria kwanza kupeleka huko watu isiowataka?

Swali hili wameliuliza wengi kabla na baada yake. Robert Heinlein, Mmarekani, aliufanya mwezi kuwa koloni la wafungwa katika riwaya aliyoitoa mwaka 1966. Filamu ya sita ya Star Trek, ya mwaka 1991, inawapeleka wahukumiwa wakachimbe madini chini ya barafu ya Rura Penthe. Filamu ya tatu ya Alien, iliyotoka mwaka uliofuata, inawaweka wafungwa katika sayari yenye kiwanda cha kuyeyushia risasi. Msomaji akizitazama bunilizi hizi pamoja ataona kuwa jela ya angani aghalabu si jela tu. Ni jela iliyotiwa ndani ya machimbo au kandokando yake. Mfungwa ana mikono, sayari ina madini, na mtungaji huviunganisha viwili hivyo kana kwamba vimeumbwa kwa ajili ya kuonana.

Je, jambo hilo linaingia akilini? Wenye kujibu huwaendea wanafizikia, wakahesabu mafuta ya roketi. Hesabu hiyo ina nafasi yake, nayo itafika. Lakini jela na machimbo ni mambo ya kale hapa duniani, na ushahidi wake hauko mbali. Upo baharini, mbele ya macho ya kila mkaazi wa Mji Mkongwe, na upo bara, katika ardhi ya Shinyanga na Geita, ambako almasi na dhahabu zimewavuta watu kwa zaidi ya miaka mia.

Na tuanze na bahari. Kisiwa cha Changuu, kinachoitwa hadi leo Kisiwa cha Jela, kilinunuliwa mwaka 1893 na Lloyd Mathews, waziri mkuu wa serikali ya Zanzibar. Majengo ya gereza yakajengwa, na wafungwa hawakutiwa. Kisiwa kikageuzwa karantini ya wasafiri walioshukiwa kuwa na maradhi, na baadaye kikawa makao ya makobe wakubwa kutoka Shelisheli, ambao kwa umri wao ndio wafungwa pekee waliotumikia kifungo kirefu mahali hapo. Jina likabaki, jela haikuwapo. Jambo hili dogo lina maana yake: kuwa na mahali pazuri pa kumtenga mtu si sababu tosha ya kumpeleka huko. Kila mfungwa wa kisiwani hula chakula kilichovushwa, hunywa maji yaliyovushwa, na hulindwa na mtu ambaye naye hula na kunywa.

Walioweza kubebewa gharama hiyo walikuwa wachache, nao walikuwa wazito. Sayyid Khalid bin Barghash, aliyekikalia kiti cha Zanzibar kwa siku chache za Agosti 1896 na kukimbilia kwa Wajerumani, Waingereza walipomtia mkononi wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza walimpeleka uhamishoni Shelisheli na St Helena, na hatimaye akaruhusiwa kurudi Afrika ya Mashariki, akafia Mombasa mwaka 1927. Kabla yake, mwaka 1899, walikwisha kuwapeleka Shelisheli Kabaka Mwanga wa Buganda na Omukama Kabalega wa Bunyoro. Mwanga alifia huko mwaka 1903. Kabalega aliruhusiwa kurudi mwaka 1923, naye akafia Jinja kabla ya kuiona Bunyoro. Wafalme hawa hawakupelekwa wakalime wala wakachimbe. Walipelekwa kwa sababu sauti zao zilihofiwa, na dola ilihesabu kuwa kumlisha mfalme mbali ni rahisi kuliko kumwacha karibu.

Shinyanga nayo ilitoa mtu wa namna hiyo. Kidaha Makwaia, mtemi wa Busiya, alikuwa miongoni mwa Waafrika wawili wa mwanzo kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika mwaka 1945. Baada ya uhuru alihamishwa kwa amri ya serikali, akapelekwa Tunduru, kusini kabisa ya nchi. Itazamwe njia aliyopitishwa: alitolewa katika nchi ya almasi akapelekwa kwenye misitu ya kusini. Hakuna aliyewaza kuifanya Shinyanga kuwa mahali pa adhabu.

Kwa nini? Jawabu limo katika historia ya Australia, ambayo watungaji wengi wa jela za angani huiiga bila ya kuisoma hadi mwisho. Kuanzia mwaka 1788 hadi 1868 Uingereza ilisafirisha huko wafungwa wapatao 160,000. Ndiyo mfano mkubwa wa koloni la wafungwa, na Heinlein ameufuata waziwazi. Lakini mwaka 1851 dhahabu ilivumbuliwa New South Wales na Victoria. Mara moja watu huru wakaanza kuuza walivyonavyo ili wapate nauli ya kwenda huko. Ikawa mhalifu anapewa bure, kwa jina la adhabu, safari ambayo raia mwema anailipia kwa jasho. Wenyeji wa makoloni walikwisha kuchoka kupokea wafungwa, na sasa serikali ya London nayo ikaona kichekesho chake. Mwaka 1853 usafirishaji wa wafungwa kwenda kisiwa cha Tasmania ulikomeshwa. Uliendelea upande wa magharibi tu, ambako dhahabu ilikuwa haijaonekana na watu huru walikuwa hawataki kwenda.

Basi dhahabu haileti koloni la wafungwa, dhahabu huliua. Atakayebisha atataja Kolyma, mashariki ya mbali ya Urusi, ambako tangu mwaka 1932 wafungwa wa Stalin walichimba dhahabu katika baridi isiyosemeka, na waliokufa hawahesabiki kwa urahisi. Ni kweli, na hoja hiyo haiwezi kupuuzwa. Lakini Kolyma ni mahali ambapo mtu huru hakukubali kwenda kwa idadi iliyotakiwa, na ambapo maisha ya mfungwa yalikuwa rahisi kupindukia: alifikishwa kwa meli, na akifa aliletwa mwingine. Sharti la Kolyma ni hilo la pili. Ili mfungwa achimbe mahali pasipokalika, ni lazima roho yake iwe rahisi kuliko nauli yake.

Angani mambo yamepinduka. Hata baada ya bei kushuka sana katika miaka ya karibuni, kuifikisha kilo moja katika mzingo wa karibu wa dunia bado kunagharimu maelfu ya dola, na mwezi uko mbali zaidi, kilomita 384,000. Mtu mmoja huhitaji karibu kilo moja ya oksijeni kila siku, mbali na maji na chakula. Mhalifu atakayefikishwa mwezini atakuwa amegharimiwa kuliko mfalme yeyote aliyewahi kupelekwa Shelisheli. Serikali ya namna gani itamfanyia hivyo mwizi? Na akishafika, atakuwa na thamani kubwa mno kuachwa afe, jambo ambalo magereza ya machimbo hayajawahi kulizoea.

Hapo ndipo Geita inapoingia kama shahidi. Wajerumani walikwisha kujua habari za dhahabu kusini ya Ziwa Viktoria kabla ya karne ya ishirini kuanza. Wakati wa Waingereza, kuanzia miaka ya 1930, Geita ilikuwa na mgodi mkubwa uliofanya kazi hadi mwaka 1966. Mgodi wa sasa ulifunguliwa mwaka 2000, na mwaka 2012 Geita ikawa mkoa. Kati ya kufungwa kwa ule na kufunguliwa kwa huu kulipita zaidi ya miaka 30, na katika muda huo, hasa katika miaka ya 1980 na 1990, nchi yote ile kutoka Geita hadi Kahama ilijaa wachimbaji wadogo. Hakuna askari aliyewapeleka.

Hili linafaa kulinganishwa na jambo jingine la wakati uleule. Mwaka 1983 serikali ya Tanzania ilitunga Sheria ya Nguvukazi, na watu waliohesabiwa kuwa hawana kazi wakakamatwa katika mitaa ya Dar es Salaam, wakapelekwa vijijini na kwenye mashamba ya mkonge. Wengi walirudi mjini kwa haraka kuliko walivyoondoka. Dola yenye polisi, malori na sheria ilishindwa kuwaweka vijana shambani, mwendo wa siku moja kutoka mjini. Na uvumi tu wa dhahabu, usio na lori wala karatasi, uliweza kuwatoa vijana mikoa ya mbali na kuwakalisha porini miaka mingi.

Kwa hiyo katika ukanda huu uzio haukujengwa kuwazuia watu wasitoke. Ulijengwa wasiingie. Mwadui, karibu na Shinyanga, ndiko John Williamson, mjiolojia wa Kanada, alikovumbua almasi mwaka 1940. Humo akajenga mji kamili wenye nyumba, shule na hospitali, nao ukazungushiwa uzio na kuwekewa walinzi. Williamson alipofariki mwaka 1958, mgodi ulinunuliwa na kampuni ya De Beers pamoja na serikali ya Tanganyika. De Beers ilikuja na ujuzi wake wa Kimberley, Afrika ya Kusini, ambako tangu miaka ya 1880 wafungwa waliokodishwa na serikali walichimba almasi, huku wafanyakazi huru nao wakifungiwa ndani ya kambi zenye kuta kwa muda wote wa mkataba. Kabla ya kuruhusiwa kwenda kwao wafanyakazi hao walivuliwa nguo, wakawekwa siku kadhaa na kupewa dawa ya kuendesha, kwa kuwa almasi humezeka. Mtu aliyesimama nje ya kuta mbili zile, ya wafungwa na ya watu huru, angepata taabu kuzitofautisha. Hapa ndipo panapostahili kuzingatiwa zaidi kuliko riwaya yoyote: kinachoigeuza kambi kuwa jela si hukumu ya hakimu, ni udogo wa mali na ukubwa wa thamani yake.

Uzio wa Mwadui una historia yake ya uchungu. Wanaoingia humo usiku kuchekecha changarawe kwa siri huitwa wabeshi, na mapambano yao na walinzi yamewagharimu wengine viungo na wengine maisha. Mwezi Mei 2021 kampuni ya Petra, iliyokuwa na sehemu kubwa ya mgodi tangu 2009, ilikubaliana na wadai 71 kwa pauni milioni 4.3, ikatamka kwamba yalitokea matukio ya vifo, majeraha na kutendewa vibaya, ingawa haikukiri dhima kisheria. Huko Bulyanhulu, Kahama, wachimbaji wadogo waliondolewa mwaka 1996 ili kumpisha mwekezaji, na mgodi mkubwa ukafunguliwa mwaka 2001. Na nje ya ukanda huu, Mererani katika mkoa wa Manyara, serikali yenyewe ilijenga ukuta wa kilomita 24.5 kuzunguka machimbo ya tanzanaiti, kazi iliyofanywa na vijana wa Jeshi la Kujenga Taifa na kuzinduliwa Aprili 2018. Ukiutazama kwa mbali utasema ni gereza kubwa kuliko yote Afrika ya Mashariki. Waliomo ndani wamepanga foleni langoni asubuhi ili wapate kuingia.

Pengine, basi, watungaji wa bunilizi wamekosea mlango tu, wala hawajakosea nyumba. Angani hakutakuwa na haja ya kupeleka wafungwa. Watakwenda watu huru, na watakapofika ndipo watakapogundua namna walivyofungwa.

Utaratibu wa maduara unalifunza hili kwa uwazi. Katika machimbo madogo ya Geita na Kahama, mwenye leseni ana ardhi, mwenye duara ana fedha za magogo, baruti na chakula, na mchimbaji ana mikono yake. Aghalabu mchimbaji hana mshahara. Hulishwa, hupewa tochi, hushuka. Na mawe yenye dhahabu yakipatikana, mifuko hugawanywa baada ya gharama kutolewa. Yakichelewa miezi, naye huchelewa miezi. Yuko huru kuondoka siku yoyote, ila akiondoka leo na mawe yakaonekana kesho, jasho lake la msimu mzima limekuwa sadaka. Hakuna mnyororo ulio imara kuliko huo, na hakuna aliyemfunga. Na asiyefanikiwa huona haya kurudi kwao mikono mitupu. Habari za mlipuko mpya zikifika kutoka kijiji kingine, hufunga kifurushi chake akaelekea huko. Wako waliozeeka hivyo, kutoka mlipuko mmoja hadi mwingine.

Heinlein, kwa kweli, alilihisi jambo hili. Katika mwezi wake wafungwa waliomaliza adhabu hawarudi duniani, kwa kuwa miili yao imekwisha kuzoea mvutano wa mwezi, ulio sawa na sehemu moja ya sita ya ule wa dunia, na ardhi waliyozaliwa ingewalemea. Hukumu imekwisha na kifungo kimebaki. Katika riwaya nzima hakuna kitu kinachosadikika zaidi ya hicho.

Lakini hata mvutano hauna nguvu kama pumzi, na kwa habari ya pumzi Shinyanga ina ushahidi ambao mtungaji angeuandika angeambiwa ametia chumvi. Tarehe 5 Oktoba 2015, katika machimbo ya Nyangarata, Kahama, udongo uliporomoka na kuwafunika wachimbaji. Sita kati yao walibaki hai katika uwazi chini kabisa, bila ya njia. Walikula mende, vyura na mizizi, wakanywa maji yaliyochuruzika. Mmoja alifia humo. Watano walitolewa wakiwa hai tarehe 15 Novemba, baada ya siku 41. Mwaka uliofuata ulipopita tu, Januari 2017, wachimbaji 15 walifukiwa katika mgodi wa Nyarugusu, Geita, wakakaa siku tatu. Walioko juu wakawapelekea chakula na maji kwa bomba hadi walipowafikia, na wote wakatoka salama.

Bomba lile ndilo picha halisi ya maisha ya angani, kuliko chombo chochote kilichochorwa katika filamu. Ya Nyarugusu lilikuwa mikononi mwa majirani waliokuwa na haraka ya kuokoa. Ya mwezini au ya sayari ndogo litakuwa mali ya nani? Mchimbaji wa Kolyma alinyimwa mkate, hewa hakunyimwa kwa kuwa haikuwa ya mtu. Mchimbaji wa Geita akikosana na mwenye duara hupanda juu akajiondokea, na hewa anayoivuta njiani hailipii. Anga za juu zitakuwa mahali ambapo mwajiri atakuwa ndiye mwenye pumzi. Hapo mkataba wa kazi hautahitaji seng'enge, wala mbwa, wala mnara wa mlinzi.

Sheria zilizopo hazikuliwazia jambo hilo. Mkataba wa Anga za Juu wa mwaka 1967 unakataza dola yoyote kujimilikisha mwezi au sayari, unaifanya kila dola iwajibike kwa shughuli za raia na kampuni zake huko, na unawaita wanaanga wajumbe wa wanadamu wote. Wakati ule waliokwenda juu walikuwa marubani wachache, na walitumwa na serikali mbili. Mchimba mawe wa mkataba hakuwamo katika fikira zao. Marekani ilitunga sheria yake inayowapa raia na kampuni zake haki ya kumiliki na kuuza madini watakayoyatoa angani. Rais Obama aliitia saini tarehe 25 Novemba 2015, siku kumi baada ya wale watano kutolewa Nyangarata. Imo humo haki ya mwenye kuchimbisha. Ya mwenye kuchimba, akitaka kurudi nyumbani kabla ya mkataba kwisha, haikuandikwa.